Sekunde sita kabla ya stata: jinsi ya kusoma taa za dashibodi ya gari lako

Ukiingia garini asubuhi, zungusha ufunguo hadi ON kisha uache hapo. Usipige stata. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Dashibodi itawaka taa chungu nzima, na hapo ndipo gari linapojieleza: kompyuta inajaribu kila taa ili uone kuwa balbu ni nzima. Dereva anayezungusha ufunguo kwa mkupuo mmoja hadi injini ingurume hajayaona hayo.

Hesabu taratibu hadi sita. Taa ya ABS, yaani kinga ya matairi yasikwame ukikanyaga breki, na ile ya SRS, yaani mifuko ya hewa, zinatakiwa kuwaka halafu kuzimika zenyewe ndani ya muda huo, injini ikiwa bado haijawashwa. Taa ya oili, ya betri na ya cheki injini hubaki zikiwaka mpaka injini ishike. Ya breki hubaki kama breki ya mkono iko juu.

Kwa anayenunua gari lililotumika, ukaguzi huu una thamani kuliko kupiga teke tairi. Taa ambayo haikuwaka kabisa kwenye ON inatisha kuliko inayowaka muda wote, kwa sababu huenda kuna mtu kaing'oa balbu au kaibandika utepe mweusi ili usione. Wajanja zaidi huunga waya wa taa ya SRS kwenye waya wa taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja. Utawakamata kwa kutopiga stata: SRS halisi huzimika peke yake. Ile inayosubiri injini iwake ndipo izimike sambamba na ya oili, imeungwa. Uliza mifuko ya hewa iko wapi.

Rangi zenyewe hazina ugumu. Nyekundu ni hatari iliyopo sasa hivi. Njano ni mfumo wenye hitilafu, gari bado linatembea. Kijani na bluu ni taarifa tu. Kazi iko kwenye kujua ni nyekundu ipi inayokudai uzime injini hapo hapo na ipi inakuruhusu kufika gereji.

Birika jekundu la oili

Hii haina mjadala. Taa ya birika lenye tone inapima msukumo wa oili, haipimi kiasi kilichomo. Swichi yake huwasha taa msukumo ukishuka karibu na sifuri, kwa hiyo ukiiona inawaka ukiwa mwendoni, beringi za krenki zinasagana chuma kwa chuma. Dakika moja au mbili zinatosha injini kunoki, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Achia pedeli ya mafuta, washa hazadi, weka nyutro, jisogeze pembeni, zima. Kama uko katikati ya foleni, zima injini gari likiwa bado linaserereka, lakini usirudishe ufunguo hadi LOCK maana usukani utajifunga. Kumbuka pia kuwa injini ikishazimwa, usukani na breki vinakuwa vizito. Kanyaga kwa nguvu mara moja na ushikilie.

Subiri kama dakika 10 oili ishuke kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), gari likiwa mahali pa tambarare. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye injini nyingi ndogo ni takriban lita moja. Kijiti kikiwa kikavu, ongeza oili kidogo kidogo hadi ifike kati ya alama, kisha chungulia chini ya gari kama inavuja. Gari linalomwaga lita tatu njiani litazimwaga hata utakazoongeza. Kijiti kikionyesha oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe tena. Pampu, chujio la sampu au swichi yenyewe, mojawapo ina tatizo, na anayeweza kukuambia ni ipi ni fundi mwenye geji ya kufunga kwenye tundu la swichi. Dai geji. Fundi anayesema "ni swichi tu" bila kupima anabahatisha kwa injini yako.

Taa inayopepesa gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa), injini imepata moto, halafu ikazimika ukikanyaga kidogo, ni oili nyepesi kupita kiasi, oili iliyochoka, au injini iliyolika. Angalia kifuniko cha kujazia au kitabu cha gari: injini nyingi za VVT-i, yaani za Toyota zinazorekebisha muda wa valvu kwa msukumo wa oili, zimeandikiwa 5W-30. Kumwaga oili nzito ili kuficha taa ni kuifanya ipite kwa shida kwenye njia nyembamba zinazolisha VVT.

Gari limechemsha

Vitz, Passo na magari mengine madogo ya Japani hayana mshale wa joto. Yana taa ya kipimajoto: bluu injini ikiwa baridi, hakuna taa ikiwa sawa, nyekundu ikizidi. Nyekundu huanza kwa kupepesa, kisha hukaa. Kwenye magari yenye mshale usisubiri ufike H, kwa sababu mshale umetengenezwa utulie karibu na katikati kwa kiwango kipana cha joto. Ukiona umeanza kusogea, joto limekwisha kutangulia.

Hapa wengi hujidanganya: mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla hadi C, haimaanishi injini imepoa. Sensa inahitaji maji ili isome. Maji yakiisha yote, inasoma hewa, na mshale unashuka huku injini ikiungua.

Dalili ikiwa mpya, mshale umepanda kidogo tu, zima AC, fungua hita hadi mwisho wa joto na feni ya ndani kwa kasi, teremsha vioo. Hita ni rejeta ndogo. Utatoa jasho lakini injini itapumua. Mshale usiposhuka ndani ya dakika moja, au taa nyekundu ikikaa, au mvuke ukitoka, simama na uzime.

Mfuniko wa rejeta usiuguse kwa nusu saa angalau. Mfumo huu unashikilia msukumo: mfuniko ulioandikwa 1.1 unaruhusu maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua, msukumo unatoweka na maji yanageuka mvuke usoni kwako. Ikibidi, weka kitambaa kinene, zungusha hadi hatua ya kwanza tu, sikiliza pumzi iishe. Kwa sababu hiyo hiyo mfuniko mbovu huchemsha gari zima. Nairobi na Mbeya ziko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako maji yasiyo na msukumo huchemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo gari lililotulia Tanga linaweza kuchemsha huko bila kosa jingine lolote ila mfuniko.

Maji ya kuongeza yamiminwe taratibu, injini ikiwa imepoa kiasi cha kuishika. Maji baridi kwenye hedi (kichwa cha injini) yenye moto huipindisha. Maji ya kawaida yanafaa kukufikisha. Baadaye yamwagwe, uweke kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Maji ya kisima chenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za pwani, yataila rejeta kwa ndani.

Injini ikishapoa, tafuta sababu kabla ya kuondoka: hozi iliyopasuka, mkanda uliokatika, feni isiyozunguka (washa AC, feni ya umeme inatakiwa kuanza). Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakitoka kwenye rejeta muda wote injini ikiwaka, gasketi ya hedi imekwenda; usiendeshe.

Kuna desturi ya gereji zetu inayostahili kukomeshwa: gari likichemsha mara moja, fundi hung'oa themostati (valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto) na kuitupa. Utaijua kwa taa ya bluu inayochelewa mno kuzimika, au kuwaka tena ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakunywa mafuta zaidi na inalika haraka, na kilichochemsha gari kiko pale pale.

Betri, na mkanda mmoja unaobeba yote

Taa ya betri ikiwaka ukiwa mwendoni, betri haichajiwi. Kabla ya kufikiria alteneta (jenereta inayochaji betri), tupa jicho kwenye joto. Kwenye injini kama 1NZ na 2NZ za IST, Probox na Fielder, mkanda ule ule unaozungusha alteneta unazungusha pampu ya maji. Taa ya betri ikifuatiwa na joto kupanda, mkanda umekatika: zima kama vile umeona birika la oili. Joto likiwa sawa, endelea hadi gereji ya karibu. Zima AC, redio na kila kisicho cha lazima, na usizime injini, maana huenda isiwake tena. Mchana una saa moja hivi kwa betri nzuri. Usiku, taa mbele zikiwaka, una muda mfupi zaidi.

Kipimo cha volti kinamaliza ubishi. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma 12.6. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Ikisoma chini ya 13, alteneta au mkanda. Ikivuka 15, regyuleta imekufa na betri itachemshwa. Usikubali alteneta ipimwe kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka. Mbinu hiyo ilifaa magari ya zamani. Leo volti zinaruka ghafla na kuua kompyuta ya gari.

Breki

Alama ya mshangao ndani ya duara jekundu ina maana tatu: breki ya mkono iko juu, breki fluidi imepungua, au pamoja na taa ya ABS, mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umepotea. Shusha breki ya mkono hadi mwisho. Taa ikibaki, fungua boneti utazame chupa ya masta, yaani chupa ya breki fluidi.

Fluidi haiishi kama mafuta. Imepungua ama kwa sababu inavuja, ama kwa sababu pedi zimelika na pistoni zimetoka mbele, zikibakisha fluidi chini kwenye kalipa (kibanio cha pedi). Ndiyo maana taa huanza kupepesa kwenye kona. Kuongeza fluidi bila kutazama pedi ni kuizima taa iliyokuwa inakutetea, na siku pedi mpya zikifungwa, ile ya ziada itafurika na kubabua rangi. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ikifika 3, badilisha.

Tumia DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko ulivyoandikwa. Fluidi hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango chake cha kuchemka huporomoka: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, iliyonyonya maji hushuka hadi 140. Ikichemka mapovu hujaa kwenye mabomba, na mapovu yanabonyea, kwa hiyo pedeli inakwenda hadi sakafuni. Badilisha kila miaka miwili, mapema zaidi kama unaishi pwani. Oili ya injini au maji ya sabuni visiguse chupa ile, hata kwa dharura.

Pedeli ikienda sakafuni njiani: ipige harakaharaka mara kadhaa, shusha gia moja moja, kisha vuta breki ya mkono kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake, ili matairi ya nyuma yasifunge.

Mteremko kama Kitonga au Salgaa hauendeshwi kwa breki. Zima overdraivu kwa kitufe cha pembeni ya gia (taa ya O/D OFF itawaka, si hitilafu, ikipepesa ndiyo hitilafu ya giaboksi), shuka hadi 2 au L, na kwenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia moja moja) tumia S au B. Injini ikinguruma ndiyo inafanya kazi yake. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa, isishikiliwe kidogo kidogo kilomita nzima. Kuweka nyutro ili kubana mafuta ni hesabu isiyo sahihi: injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu umetoka, inakata mafuta kabisa, kwenye nyutro inalazimika kuyachoma ili isizime.

ABS ya njano peke yake inamaanisha breki za kawaida zipo, ila tairi linaweza kufunga. Mara nyingi ni waya wa sensa ya tairi uliokatika au tope. ABS ikiwa nzima, ukikanyaga kwa dharura pedeli itatetemeka mguuni, usiachie.

Mifuko ya hewa

Taa ya SRS inayowaka muda wote ina maana mfumo umejizima: ajali ikitokea, mfuko huenda usifunguke. Kama honi nayo imekufa, chanzo karibu hakika ni utepe wa waya uliojisokota nyuma ya usukani. Kama taa ilianza baada ya kuosha gari au kusogeza kiti, tazama plagi za njano chini ya viti. Fundi achomoe betri na asubiri sekunde 90 kabla ya kugusa kitu, na asipime plagi hizo kwa taa ya majaribio. Mkondo mdogo unatosha kuulipua mfuko mikononi mwake.

Kuna hatari ambayo taa haionyeshi. Mifuko ya Takata iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine ilitumia amoni naitreti, ambayo huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, na kikasha chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kampuni iliomba kufilisika mwaka 2017. Gari la miaka ya 2000 lililokaa Mombasa au Dar es Salaam muda mrefu limeishi kwenye hali ya hewa inayofaa kabisa kuleta uharibifu huo. Chukua namba ya chasisi (ya Japani huwa na mtindo wa NCP60 na tarakimu saba) uiingize kwenye ukurasa wa urejeshaji wa mtengenezaji, au umpelekee wakala wake.

Kaa angalau sentimita 25 kutoka usukani. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko ulio hai. Na vile vibanio vya kuchomeka ili king'ora cha mkanda kinyamaze, vitupe: mfuko unafunguka ukitarajia mwili uliozuiwa na mkanda.

Cheki injini

Ikikaa bila kupepesa, gari linaendeka. Lipime ndani ya siku chache. Ikipepesa, injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli isiyoungua kwenye silensa na kuunguza kichujio chake. Punguza mwendo, usikanyage kwa nguvu, nenda gereji iliyo karibu.

Mashine inasoma msimbo kutoka soketi ya pini 16 chini ya usukani. Msimbo unataja mahali pa kuanzia, hautaji spea ya kununua. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi. Hamisha koili ya kwanza iende ya pili, futa msimbo, endesha. Ikija P0302, koili ni mbovu. Ikirudi P0301, rudia kwa plagi, kisha nozeli. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta: tafuta mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa na uisafishe sensa hiyo kabla ya kuambiwa ununue pampu. Fundi anayefuta msimbo bila kuuandika amekufutia ushahidi.

Vidogo vidogo

Alama ya kiatu cha farasi chenye mshangao ni upepo wa matairi, lakini magari mengi ya Japani hayana sensa hizo. Pima mwenyewe matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. kPa 230 ni sawa na 33 za mashine ya pancha. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Dizeli ina springi ya njano: subiri izimike ndipo upige stata. Taa ya chujio la mafuta inadai umwage maji kwa kulegeza skurubu ya chini ya chujio. T-BELT (mkanda wa taimingi) huwaka kwa hesabu ya kilomita, haina sensa yoyote, hivyo gari lililorudishwa nyuma kilomita halitakuonya.

Na yule dada anayesema Kijapani kila ukiwasha gari, mara nyingi anakukumbusha hujaingiza kadi ya ETC ya kulipia barabara za Japani. Kichomoe kisanduku chake.

Gari likikwama, hazadi kwanza, abiria washuke upande usio na magari, kisha pembetatu ya kwanza uiweke mita 50 nyuma, mbali zaidi kama kuna kona au kilima, maana inatakiwa ionekane kabla ya kona. Matawi ya miti yanasaidia mchana, usiku hayaakisi mwanga. Ukimaliza, yaondoe, na mawe uliyozuilia tairi yasukume nje kabisa ya lami. Mwenye pikipiki hataliona jiwe hilo saa mbili usiku.